Ngojangoja Huumiza Matumbo: Msongo wa Mawazo Vyuoni na Unakotoka



Nimeombwa nizungumzie msongo wa mawazo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na vyanzo vyake. Mada hii ina hotuba yake ya kila mwaka, nami nimeisikia kiasi cha kuweza kuitoa bila karatasi: vijana wapange muda wao, wale vizuri, wafanye mazoezi, wapunguze simu, wamtangulize Mungu. Sina ugomvi na lolote katika hayo. Tatizo la hotuba hiyo ni kwamba humsimamisha mwanafunzi peke yake kizimbani. Leo nataka tuwaite na wengine: ofisi ya mitihani, dirisha la uhasibu, mwenye nyumba, baba na mama, na sisi tunaosahihisha karatasi.

Hoja yangu ni moja. Kazi nyingi humchosha mwanafunzi, na mtu aliyechoka akilala hupona. Kinachomkosesha usingizi wiki baada ya wiki hadi akaugua ni kungoja jambo asilojua litakuja lini, wala kama litakuja, na ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisogeza hata hatua moja. Wazee wetu walisema ngojangoja huumiza matumbo, na kwa bahati njema walichosema kimeshapimwa maabara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Jay Weiss aliwaweka panya kwenye visanduku, kila mmoja peke yake, akawafunga waya mkiani. Panya wawili walipigwa shoti ya umeme ileile, kwa nguvu ileile, dakika ileile. Tofauti yao ilikuwa ndogo sana: mmoja alisikia mlio kila kabla ya shoti, mwingine alisikia milio ovyo tu isiyomwambia chochote. Panya wa tatu hakupigwa kabisa. Walipopasuliwa, yule aliyekuwa akionywa alikuwa na vidonda vichache tumboni, si vingi sana kumzidi yule ambaye hakuguswa. Yule ambaye hakujua shoti itakuja lini tumbo lake lilikuwa limeharibika vibaya. Maumivu waliyopewa yalikuwa sawa. Huyu wa kwanza aliweza kupumzika kila mlio ulipokuwa kimya. Mwenzake hakupata hata dakika moja ya kupumzika, kwa sababu hakuwa na namna ya kuijua dakika ya salama.

Mtasema hao ni panya. Mwaka 2016 Archy de Berker na wenzake wa London waliwaita watu 45 wakacheza mchezo wa kompyuta. Kwenye skrini kulikuwa na mawe, na chini ya baadhi ya mawe kulikuwa na nyoka. Jiwe likiwa na nyoka, mchezaji alipigwa shoti mkononi, shoti ya kweli yenye kuuma. Watafiti walipima jasho na mboni za macho. Mwili ulihangaika zaidi pale uwezekano wa kupigwa ulipokuwa nusu kwa nusu. Mtu aliyejua kwa hakika kwamba atapigwa alikuwa ametulia kuliko aliyekuwa hajui. Ningependa kila mkuu wa idara aisome ripoti ile kabla ya kuamua kwamba matokeo yakae kabatini wiki mbili zaidi.

Nitoke nje ya njia kidogo kuhusu vidonda vya tumbo, maana naona wanafunzi wanatazamana. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba vidonda vingi vya tumbo kwa binadamu husababishwa na bakteria. Kwa hiyo anayedhani vyake vimeletwa na takwimu za mwaka wa pili aende kwanza hospitali akapimwe, apewe dawa. Msongo unaweza kuzidisha hali, lakini usiufanye kisingizio cha kutomwona daktari.

Kuhusu mwili wenyewe nitapita haraka. Hatari ikitokea, tezi zilizoketi juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huingia kwenye damu, akili hukaza. Kwa muda mfupi hiyo ni nguvu ya bure. Mwanafunzi mwenye testi Jumatatu asubuhi husoma Jumapili usiku kwa umakini ambao hakuwa nao mwezi mzima, na tangu Yerkes na Dodson walipoandika mwaka 1908 inajulikana kwamba hofu kidogo husaidia na ikizidi huvuruga. Kotisoli ikibaki juu wiki nyingi, usingizi unakatika, hamu ya chakula inapotea au inakuwa ya kupindukia, na kumbukumbu inakwama. Ndiyo maana mtu aliyekesha akipiga msuli huingia chumba cha mtihani, akakuta swali analolijua kabisa, na jibu likagoma kutoka mpaka atakapokuwa ameshakabidhi karatasi na kufika mlangoni.

Sasa tuje chuoni.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 13, wote wa sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Sikitaji hicho kwa kuyasifu ya zamani, maana nafasi 13 kwa nchi nzima ni fedheha. Nakitaja kwa sababu mwalimu wa watu 13 humjua kila mmoja kwa jina, na jambo likichelewa huwaambia palepale mlangoni. Leo ninafundisha darasa ambalo hata maikrofoni haiwafikii wote. Habari ya kwamba matokeo yamechelewa huwafikia kupitia kundi la WhatsApp, kutoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu aliyempigia simu karani. Tumeongeza wanafunzi, na tulifanya vizuri kuwaongeza. Namna yetu ya kuwaambia mambo tumeiacha ileile ya mlangoni.

Upande wa fedha, kwa miaka mingi ya mwanzo serikali ilibeba karibu gharama zote za mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mwaka 2004 Bunge likapitisha sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Bila mikopo hiyo wengi mliomo humu msingekuwemo, na hilo lisemwe wazi. Lakini tazameni kalenda inayozaliwa na utaratibu wa kukopesha watu wengi kwa fedha isiyowatosha wote. Matokeo ya kidato cha sita hutoka, kijana anaomba chuo, anaomba mkopo. Majina hutoka kwa awamu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha dirisha la rufaa. Kijana ambaye hayumo awamu ya kwanza hajanyimwa, ila pia hajapewa. Chuo kinafunguliwa. Baba auze ng'ombe au asubiri? Akiuza na mkopo ukaja, ng'ombe amekwenda. Akisubiri na mkopo usije, usajili umefungwa. Familia nzima inaingia kwenye ule mchezo wa mawe na nyoka.

Wenzetu wa Kenya walibadilisha mfumo mwaka 2023: wanafunzi wakapangwa katika makundi kulingana na hali ya kifedha ya familia, na kila kundi likapata kiwango chake cha ufadhili na mkopo. Kwa karatasi mpango ulikuwa wa haki. Ulipoanza kutumika, wanafunzi wengi walijikuta kwenye kundi ambalo kwao halikuwa na maelezo, wakakata rufaa, wakaandamana, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha katiba. Shauri likaendelea katika Mahakama ya Rufani. Mimi si mwanasheria. Ninachokiona hapo kama mtu wa saikolojia ni kwamba mwanafunzi aliyewekwa kwenye kundi la ada kubwa bila kuambiwa kwa nini, na bila kujua atajibiwa lini, hasomi. Anakaa tu darasani.

Kisha liko bumu lenyewe, yaani fedha ya kujikimu. Posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, na hutolewa kwa mikupuo, mkupuo mmoja ukikusudiwa kuvusha majuma kadhaa. Elfu kumi kwa siku si utajiri, ila mtu anayepanga anaweza kuishi nayo, mradi ajue itaingia lini. Mwenye nyumba wa Sinza au Changanyikeni haongei lugha ya mikupuo. Anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa pamoja. Mabweni yamesaidia: yale yaliyofunguliwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Aprili 2017 yalijengwa kubeba wanafunzi 3,840. Bado wanaobaki nje ya mabweni ni wengi, na wanaobebana ndani ya vyumba nao ni wengi.

Siku ya kusaini bumu, simu zinaanza. Mdogo wake amerudishwa shule kwa mchango wa chakula, shangazi amelazwa, bati la jikoni limetoboka. Nyumbani wanajua siku ya bumu kuliko wanavyojua siku ya mtihani. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu hawezi kumwambia mama yake kwamba fedha hiyo ni ya chakula chake. Anatuma, kisha anapiga pasi ndefu. Kwa wazazi msioijua pasi ndefu: ni kunywa chai na mihogo saa tano asubuhi, ili ukifika usiku uhesabu umekula milo miwili ukilala bila wa tatu.

Bumu likichelewa wiki mbili bila tangazo, kijana wa aina hiyo anafanya nini? Anakopa kwa mwenzake. Akishamaliza wenzake anafungua simu, na huko kuna programu za mikopo zisizotaka dhamana wala maelezo, zinataka tu ruhusa ya kuisoma orodha ya majina yaliyo kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, ujumbe unatumwa kwa majina hayo: kwa mchumba, kwa mchungaji, kwa mhadhiri. Nimewahi kuupata ujumbe wa namna hiyo mimi mwenyewe, ukinitaka nimwambie mwanafunzi wangu kwamba ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa 69 ya namna hiyo yanayokopesha bila leseni. Mtaani mikopo ya aina hii huitwa kausha damu, na sijui jina linalofaa zaidi. Wengine hubeti. Tukiwaona wanabeti tunasema maadili yameporomoka, na sikatai kuwa kuna walevi wa kubeti. Lakini wengi niliozungumza nao walianza katika wiki ambayo fedha ilikuwa inatakiwa iwe imeingia na haikuingia.

Niwaletee mfano mmoja kwa karibu. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, alinijia ofisini mwanafunzi aliyesema anaumwa kichwa. Alikuwa na begi kubwa la mgongoni, aina ya begi la safari, akaliweka katikati ya miguu badala ya kando ya kiti. Simu yake aliiweka mezani kioo juu, na kila ilipowaka alikatiza sentensi.

"Umekula nini leo?" nikamuuliza.

"Pasi ndefu, mwalimu."

Kwa maswali ya polepole mambo yakatoka. Alikuwa amefanya sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, kabla ya mwaka mpya kuanza. Matokeo yalikuwa hayajatoka, na mwaka mpya ulikuwa wiki ya saba. Akiwa amefaulu, yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Akiwa amefeli, ameshadisko, yaani ameondolewa chuoni. Kwa kuwa haijulikani, hakuweza kusajiliwa. Kwa kuwa hajasajiliwa, hakuwa na chumba, hakuwa na bumu, wala kadi ya maktaba. Alikuwa akihudhuria vipindi vya mwaka wa pili na kufanya testi ambazo huenda zisihesabiwe. Usiku alibebwa na kijana wa kwao, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu, na kwa vile msimamizi wa bweni hupita asubuhi kukagua, vitu vyake vyote vilikuwa ndani ya lile begi. Nyumbani aliwaambia mambo ni shwari.

Matokeo yalitoka wiki mbili baadaye. Alikuwa amefeli. Nilimtafuta nikihofia mabaya, nikamkuta kwa mama ntilie nje ya geti anakula wali maharage. Aliniambia alilala saa kumi na nne mfululizo baada ya kuona jina lake kwenye orodha ya waliodisko. Siku ya tatu alimpigia baba yake akamweleza. Wakagombana, wakapatana, na mwaka uliofuata akaanza upya stashahada katika chuo kingine. Huyo kijana aliangushwa na mtihani kwa siku mbili. Wiki tisa za kutojua ndizo zilizomkondesha, na wiki hizo hazikumo kwenye mtaala wowote.

Wahadhiri wenzangu, hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu fedha ya Hazina haipo mikononi mwetu lakini maksi zipo. Katika vyuo vingi vyetu kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Mwanafunzi akijua ana 28 kati ya 40, anajua namna ya kujipanga: somo hili ameshalisimamia, usiku wake aupeleke kwenye lile lililo baya. Asipoambiwa, anaingia mtihani wa mwisho akiwa na hofu sawa kwa masomo yote saba, na anagawa usiku wake vipande saba visivyomfaa. Baadaye karatasi nyingine hupotea kabisa. Maksi zilizopotea ni kilio cha Nairobi na Kampala kama kilivyo cha kwetu: mtu amemaliza miaka mitatu, gauni ameshaazima, na jina lake halimo kwenye kitabu cha mahafali kwa sababu somo moja la mwaka wa kwanza linaonyesha nafasi tupu. Anatumwa kwa mhadhiri, mhadhiri anamtuma kwa mratibu wa mitihani, mratibu anamtuma kwa mhadhiri ambaye sasa yuko masomoni ng'ambo.

Na penye kutojua pana mwenye kujua. Anayeshika maksi ambazo mwanafunzi hawezi kuziona anamshika na mwanafunzi. Rushwa ya ngono vyuoni hukua hapo hapo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeitaja rushwa hiyo waziwazi katika kifungu cha 25, lakini binti anayeambiwa "njoo tuzungumzie maksi zako" hana njia ya kujua kama kweli amefeli au anatishwa. Maksi zikibandikwa tarehe inayojulikana, karatasi zikarudishwa, na asiyeridhika akawa na mahali pa kuomba zisahihishwe upya bila kupitia kwa mhusika, sehemu kubwa ya silaha ya mtu huyo imeondoka mkononi mwake. Naona tunatumia nguvu nyingi kwenye mabango ya kampeni na kidogo mno kwenye ratiba ya kubandika maksi.

Lugha nayo ni mzigo, ingawa leo sitaifungua yote. Mwanafunzi aliyesoma msingi kwa Kiswahili akaingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza hufika kwetu akiwa analielewa somo kuliko anavyoweza kuliandika. Akirudishiwa kazi yenye alama ndogo bila maelezo, hajui kama amekosa hoja au amekosa sarufi. Maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni yangemwambia.

Wazazi, nanyi nina neno lenu, kwa heshima zote. Swali "vipi, unafaulu?" kila mnapopiga simu halina jibu kwa sehemu kubwa ya muhula, kwa sababu mwenyewe hajui. Mnamuuliza kitu ambacho sisi hatujamwambia, halafu mnasikia anajibu kwa mkato na mnadhani ana kiburi. Ulizeni amekula nini, analala wapi, rafiki yake anaitwa nani. Pia mwambieni mapema, mkiwa wapole, itakuwaje akishindwa: atarudi nyumbani, atapokewa, au hapana? Nimekutana na vijana ambao hofu yao kubwa haikuwa kudisko, ilikuwa kutojua baba atasema nini. Baadhi ya mababa hao nilikuja kuzungumza nao, nao walikuwa watu wa kuelewa kabisa. Hawakuwahi tu kulitamka.

Mwaka wa mwisho unaleta kungoja kwingine, kwa ajira. Zamani mhitimu alipangiwa kituo. Leo anajaza fomu kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, anaitwa kwenye usaili ukumbi mzima ukiwa umejaa watu wa nafasi chache, na deni la mkopo linamsubiri kwa asilimia 15 ya mshahara ambao bado hajaupata. Hilo chuo hakiwezi kulimaliza. Kinachoweza ni kuacha kuwaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba shahada peke yake itawafungulia milango, maneno ambayo bado nayasikia kwenye sherehe za kuwapokea wageni.

Kuhusu ushauri nasaha nitasema mambo mawili. Kwanza, ofisi zake tunaziweka mahali pabaya. Ukiiweka kwenye korido ya utawala, mkabala na dirisha la uhasibu, kila anayeingia anaonekana na darasa zima lililopanga foleni ya malipo. Pili, tunangoja wataalamu ambao hatuna wa kutosha. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina bibi wa mitaa ya Harare kusikiliza watu wenye msongo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha waliokaa kwenye mabenchi hayo walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Chuo chetu kina wapishi, walinzi na wasimamizi wa mabweni ambao wanafunzi wanawaeleza mambo tusiyoyasikia sisi. Mlinzi wa geti ndiye aliyenionyesha yule kijana wa begi alikokuwa anakula. Watu hao tungeweza kuwafunza, na tungewalipa kwa kazi hiyo, maana tabia yetu ya kumwongezea mlinzi kazi bila kumwongezea mshahara naijua.

Na kwenu wanafunzi: mwenzenu akianza kusema maneno ya kutaka kufa, msimwone anatania. Kaeni naye, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Nchi nyingi zetu zilirithi sheria za kumshtaki aliyejaribu kujiua, na woga wa polisi huwafanya marafiki wafiche. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha sheria ya namna hiyo kinapingana na katiba. Hata pale sheria ilipo vilevile, kazi ya rafiki ni kumfikisha kwa daktari.

Nikizungumza haya na viongozi wa vyuo hujibiwa kwamba kuwatangazia wanafunzi ucheleweshaji ni kuita mgomo. Nakumbuka migomo. Novemba 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao baada ya mgomo wa kudai mikopo ya asilimia mia moja. Hasira ile ilikuwa ya sera, na tangazo halitaifuta hasira ya sera. Lakini hofu yenyewe haina mashiko: mwanafunzi anajua kwamba fedha haijaingia, tumbo limeshamwambia. Tangazo linalosema "malipo hayataingia tarehe 5, tunatarajia tarehe 19, na tarehe 12 tutawapa taarifa nyingine hata kama hakuna jipya" linamwezesha kwenda kwa mwenye duka na kuomba akopeshwe unga mpaka tarehe 19. Mwenye duka hukopesha penye tarehe. Bila tarehe, kijana anaifungua ile programu kwenye simu.

Kalenda ya mwaka ujao wa masomo bado haijachapwa. Huwa na tarehe ya kufungua, ya usajili, ya mitihani, ya mahafali, hata ya michezo. Naomba iongezewe tarehe mbili kwa kila somo: siku ya kubandika alama za muhula, ambayo iwe kabla ya mtihani wa mwisho, na siku ya kutoa matokeo ya sapu, ambayo iwe kabla ya usajili. Kando ya kila tarehe liandikwe jina la mtu, pamoja na namba ya chumba chake. Mwenzangu mmoja ameshaniambia kwamba darasa lake lina watu 600 na msaidizi mmoja, na kwamba tarehe hizo zitamuua yeye badala ya wanafunzi. Namuelewa. Basi na aandike tarehe anayoiweza, hata kama ni wiki tatu nyuma ya wenzake, na idara imwongezee wasaidizi wa kusahihisha kutoka kwa wanafunzi wa uzamili, ambao nao wanatafuta hela ya kodi. Nipo tayari kwa maswali, na hata kwa lawama.